Jinsi ya kuandaa mafunzo ya usalama wa kitamaduni yanayoongozwa na watu wa asili nchini Kanada

Septemba 2008, mjini Winnipeg, Brian Sinclair aliingia idara ya dharura ya hospitali kubwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na umri wa miaka 45, mtu wa asili, na alikuwa ametumwa pale na kliniki ya mtaani. Tatizo lilikuwa maambukizi ya kibofu, kitu kinachotibika. Alisubiri saa 34 bila kuhudumiwa, akafia kwenye kiti chake. Wafanyakazi walipita mbele yake muda wote. Baadhi walidhani amelewa, wengine walidhani hana pa kulala na amekuja kujisitiri tu. Miaka 12 baadaye, Septemba 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba kutoka jamii ya Waatikamekw, alirekodi kwa simu matusi ya wahudumu akiwa kitandani hospitalini Joliette, Quebec, muda mfupi kabla hajafariki. Mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba ubaguzi ulichangia kifo chake.

Wahudumu hao walikuwa wamesomea kazi yao. Walichokosa hakiko kwenye vitabu vya tiba, na ndicho mafunzo ya usalama wa kitamaduni yanachokishughulikia. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyaandaa mahali alipo: ofisi ya manispaa, shule, maktaba, kanisa, msikiti, klabu ya michezo au chama cha wahamiaji. Hospitali ndizo zinazotajwa sana kwa sababu huko watu hufa, lakini dharau ile ile ipo kwenye dirisha la benki na kwenye mlango wa duka.

Kwanza, jua unaomba nini

Fikra hii ilizaliwa Nyuzilandi miongoni mwa wauguzi wa Kimaori. Katika mkutano wa mwaka 1988, mwanafunzi mmoja wa uuguzi alisimama na kuwauliza wakubwa wake kwa nini wanazungumzia usalama wa kisheria, wa kimaadili na wa kitabibu, lakini usalama wa utamaduni hautajwi. Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori, aliichukua hoja hiyo na kuijenga, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likaiingiza rasmi katika mafunzo ya wauguzi. Haikupita kimya: ilipofika 1995 ilikuwa imezua zogo magazetini hadi bungeni.

Msimamo wa Ramsden ndio unaobeba mafunzo yote mpaka leo: anayesema kama huduma ni salama ni yule anayehudumiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi, mwalimu au karani, hata awe na nia njema kiasi gani, hana haki ya kujipa alama mwenyewe.

Kwa hiyo ukisema "tunataka mtu aje atufundishe mila zao", umeomba kitu kingine kabisa. Kanada ina jamii zaidi ya 600 za Mataifa ya Kwanza, bado hujawahesabu Wainuit wa kaskazini ya mbali na Wamétis, watu wenye asili mchanganyiko ya Mataifa ya Kwanza na Wazungu, na lugha zaidi ya 70. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wa asili milioni 1.8. Hakuna kikao cha mchana kitakachokupa orodha ya mila za watu wote hao, na mwenye kukuahidi orodha hiyo mkwepe. Mafunzo ya kweli yanamchunguza mtoa huduma: amebeba dhana gani, ana mamlaka gani juu ya mtu aliyesimama mbele yake, na taratibu za ofisi yake zimetokana na historia ipi.

Jua uko kwenye ardhi ya nani

Hii ni kazi ya jioni moja. Sehemu nyingi za nchi zimo ndani ya mikataba ya ardhi kati ya Mataifa ya Kwanza na serikali: Winnipeg ipo ndani ya Mkataba Namba 1 wa mwaka 1871, Edmonton ndani ya Mkataba Namba 6 wa 1876, Calgary ndani ya Mkataba Namba 7 wa 1877. Vancouver ni ardhi ya Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh, na hawajawahi kuikabidhi kwa mkataba wowote. Ottawa ni vivyo hivyo kwa Waalgonquin. Ramani ya mtandaoni ya Native Land inafaa kuanzia, ila wenyewe wanaonya kwamba mipaka yake si ya kisheria. Soma tovuti ya taifa lenyewe, na ujizoeze kulitamka jina lake kabla hujainua simu.

Kumbuka pia kwamba wenye ardhi na watu wanaoingia ofisini kwako si lazima wawe wale wale. Ottawa ina Wainuit wengi waliohamia kutoka kaskazini. Historia yao na hospitali ina kidonda chake: miaka ya 1950 na 1960 walioambukizwa kifua kikuu walichukuliwa kwa meli na kupelekwa kusini kutibiwa, wengine hawakurudi, na familia nyingi hazikuambiwa wapendwa wao walizikwa wapi. Serikali ya Kanada iliomba radhi kwa hilo Machi 2019. Bibi wa Kiinuit anayekataa kulazwa leo huenda anamkumbuka mama yake. Mwezeshaji wa Kicree, mmoja wa Mataifa ya Kwanza, anaweza kuwa hodari sana, lakini habari hiyo utaipata kwa ukamilifu kwa Mwinuit. Kama unahudumia watu wa jamii mbili, andaa bajeti ya wawezeshaji wawili.

Safisha nyumba kabla ya kumkaribisha mgeni

Hapa ndipo shughuli nyingi huharibika, na huharibika mapema, wiki kadhaa kabla mwezeshaji hajafika. Kaa na wakubwa wako uwaulize nani atahudhuria. Wakikujibu kwamba watakuja wafanyakazi wa mapokezi tu kwa kuwa mkurugenzi ana kikao kingine, simamisha mpango. Karani hawezi kubadilisha fomu, wala kumwajibisha mlinzi anayemfuata kijana wa asili kila anapoingia. Mwenye uwezo huo ni mkurugenzi, na yeye ndiye anayepaswa kukaa kiti cha mbele.

Waulize pia wako tayari kubadilisha nini. Wakikosa jibu, angalau wakubali kwa maandishi kwamba baada ya mafunzo watakaa kulitafuta. Bila hivyo mtamwita mzee asimulie machungu yake, mtamshukuru, mtapiga picha, na kesho mambo yatakuwa kama jana. Watu wa asili wameshafanyiwa hivyo mara nyingi mno, na wengi siku hizi huuliza swali hilo hilo kwanza kabla hawajakubali mwaliko.

Kama mna mfanyakazi mwenzenu wa asili, msimbebeshe kazi hii kwa sababu tu ya asili yake. Mwulize faraghani kama angependa kushirikishwa, mkubalie akikataa, na akikubali kazi hiyo ihesabiwe kwenye saa zake za kazi.

Utasikia upinzani. Unaotoka kinywani mwa wengi ni "sisi tunawahudumia watu wote sawa". Usibishane kwa hisia. Mwaka 2020 uchunguzi wa jimbo la British Columbia juu ya huduma za afya uliwauliza watu wa asili, na asilimia 84 ya waliojibu walisema wamewahi kubaguliwa kwa namna fulani. Kwa bosi anayependa karatasi, mwonyeshe wito 94 uliotolewa 2015 na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni ambako watoto wa asili walitengwa na familia na lugha zao: namba 23 unahusu wahudumu wa afya, namba 57 watumishi wa serikali, namba 92 makampuni. Ni vigumu kupata taasisi isiyoguswa hata na mmoja.

Upinzani wa pili tunausikia sisi wahamiaji kwa wahamiaji wenzetu: "Haya hayatuhusu, sisi hatukuwatawala." Kiapo cha uraia chenyewe kilibadilishwa Juni 2021, na anayekiapa sasa anakubali kutambua haki za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wamétis, zikiwemo za mikataba. Isitoshe, wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba za wazee, hospitali, ulinzi na makazi ya muda ya wasio na makao, na kabla hujamaliza mwezi wa kwanza kazini ameshatokea mtu wa kukunong'oneza kwamba "wale ndivyo walivyo". Dharau hiyo tunaipokea haraka kuliko tunavyopokea historia. Kama una nafasi ya kuchagua pa kuanzia, mimi ningeanza na vyama vya wahamiaji.

Kumtafuta wa kuongoza

Katika miji mingi kuna vituo vya urafiki, taasisi zinazoendeshwa na watu wa asili wenyewe kwa ajili ya ndugu zao wanaoishi mjini. Viko zaidi ya 100 nchi nzima, na kwa kawaida wanajua nani anafundisha nini na nani anaheshimika. Ofisi ya taifa ambalo ardhi yao mnaikalia ni mahali pengine pa kugonga hodi. Kama watu wako wametawanyika, kuna San'yas, programu iliyoanzia British Columbia na kujengwa na watu wa asili: mshiriki anasoma mtandaoni kwa mwendo wake ndani ya muda uliopangwa, huku wawezeshaji wakisoma anachoandika na kumjibu. Inafaa sana kama msingi kabla ya mkutano wa ana kwa ana. Isiwe badala yake.

Sasa jambo gumu kidogo kulisema. Kanada imekumbwa na watu wanaojidai kuwa wa asili ili wapate kazi na heshima, na baadhi wamefika mbali. Usidai kadi ya utambulisho kwa mzee wa watu. Ni utovu wa adabu, na kuna wenye asili ya kweli ambao hawana kadi kwa sababu za kisheria zilizowatenga wao au mama zao. Uliza kwa upole anatoka jamii gani na jamii hiyo inamfahamu vipi, kisha uliza kituo cha urafiki au taifa husika. Mtu wa kweli hujibu swali hilo bila kigugumizi. Tena mara nyingi ameshalijibu kabla hujauliza, maana kwa wengi wao kujitambulisha ni kutaja ukoo na mahali, halafu ndipo cheo.

Na wewe jitambulishe hivyo hivyo. Ukipiga simu, sema jina lako, watu wako na mlikotoka, kisha taasisi yako na shida yako. Barua pepe ya kurasa tatu yenye malengo na viashiria haifiki mbali. Simu, au bora zaidi kwenda mwenyewe na kunywa chai pale kituoni bila haraka, hufika.

Kumwomba mzee kuna utaratibu wake, na hutofautiana. Kwa mataifa mengi ya nyanda za kati, kama Wacree na Waanishinaabe, anayeomba hutoa tumbaku, mara nyingi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na mzee akiipokea amekubali ombi. Ombi husemwa kabla hajaipokea, ili awe na nafasi ya kukataa. Kwa Wainuit utaratibu huo haupo. Kwa mataifa ya pwani ya magharibi kuna namna nyingine za kutoa heshima. Mwulize msaidizi wa mzee au mfanyakazi wa kituo: "Kwenu mtu huomba vipi?" Swali hilo halijawahi kumchukiza mtu.

Usiombe tarehe 21 Juni wala 30 Septemba. Ya kwanza ni siku ya kitaifa ya watu wa asili, ya pili ni siku ya ukweli na maridhiano, na kila taasisi nchini inagombania wazee wale wale wachache kwa wiki hizo mbili. Omba Februari. Na kama msiba ukitokea kwenye jamii yao, mafunzo yataahirishwa, hata kama umeshakodi ukumbi. Hilo liandikwe kwenye mpango tangu mwanzo ili mhasibu wako asishtuke.

Makubaliano na malipo

Anayeongoza ndiye anayeamua kitakachofundishwa. Kazi yako ni kumweleza watu wako ni akina nani, wanafanya nini kila siku, na malalamiko gani yameshafika ofisini, bila kuficha. Ukianza kumwomba apunguze makali ya somo la shule za bweni kwa sababu "wafanyakazi watajisikia vibaya", umeshamnyang'anya uongozi. Watoto wapatao 150,000 walipitia shule hizo hadi miaka ya 1990, na makali hayo hayapunguziki.

Lipa vizuri, na lipa siku ile ile. Mzee asiambiwe ajaze fomu ya mzabuni na kusubiri ankara yake ishughulikiwe kwa siku 60. Ongea na watu wa fedha mapema watayarishe hundi au bahasha. Malipo yahusishe maandalizi, safari, malazi, na msaidizi wa mzee, kwa kuwa wazee wengi hawasafiri peke yao. Kiwango cha haki ni rahisi kukipata: angalia mnamlipa kiasi gani mshauri wa kawaida anayekuja kuwafundisha uongozi, na msishuke chini ya hapo.

Suala la kurekodi limalizwe kabla ya siku yenyewe. Mataifa ya Kwanza yana kanuni zijulikanazo kama OCAP, kwamba taarifa zao ni mali yao, zinasimamiwa nao, wana haki ya kuzifikia, na zinatunzwa mikononi mwao. Kwa lugha ya kawaida: hakuna video, hakuna kutumia hadithi ya mzee kwenye taarifa ya mwaka, na fomu za maoni za washiriki mwezeshaji anazipata pia.

Chumba

Kufukiza majani ya sage au mmea mwingine mtakatifu kabla ya kikao ni jambo la kawaida kwa mataifa mengi. Vitambua moshi vya jengo havijui hilo. Nenda kwa msimamizi wa jengo siku kadhaa kabla, si asubuhi hiyo, umweleze kitakachofanyika, saa ngapi, chumba kipi, ili azime kitambuzi cha chumba hicho au atafute chumba kingine. Wainuit huwasha qulliq, taa ya mafuta yenye mwali wa wazi, na nayo inahitaji mazungumzo hayo hayo. Hakuna kinachovunja heshima ya sala kama king'ora na watu 30 kutimuliwa kwenye theluji. Washiriki wenye pumu waarifiwe, wakae karibu na mlango.

Panga viti kwa duara, toa meza. Mzee akae kwenye kiti chenye mgongo mzuri, karibu na choo. Tenga chumba kidogo pembeni kwa atakayezidiwa, na awepo mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo ya kumfariji. Kwa washiriki wa asili, bandika pia namba ya Hope for Wellness, laini ya ushauri inayopokea simu usiku na mchana.

Siku yenyewe

Zoezi utakalokutana nalo mara nyingi ni la mablanketi, lililobuniwa mwaka 1997 na Aboriginal Rights Coalition, muungano wa makanisa ambao baadaye ulikuwa sehemu ya shirika la KAIROS, kwa kushirikiana na wazee wa asili. Mablanketi hutandazwa sakafuni. Ndiyo nchi kabla Wazungu hawajafika. Washiriki huvua viatu, hupanda juu na kutembea wakisalimiana. Kisha msimulizi anasoma: magonjwa, mikataba, Sheria ya Wahindi (Indian Act, kwa jina la zamani walilopewa watu wa asili) ya mwaka 1876, shule za bweni. Kila tukio likitajwa blanketi linakunjwa au linaondolewa, na baadhi ya watu wanaambiwa watoke pembeni kwa sababu wamekufa. Mwishoni mhasibu amebaki ameshika bega la dereva ili asidondoke kwenye kipande kinachotosha nyayo mbili, na wenzao wanawatazama kutoka ukutani. Halafu watu wote hukaa kwa duara. Kitu hupitishwa mkono kwa mkono, unyoya au jiwe, na aliyekishika ndiye anayesema. Anaweza pia kukipitisha bila kusema.

Hapa washiriki waelezwe adabu chache. Simu zizimwe, ya mkurugenzi ikiwa ya kwanza. Mtu asimgeukie mwenzake wa asili na kumwuliza "wewe yalikupata?" Anayelia alie, lakini asimfanye mzee kazi yake iwe kumbembeleza, ndiyo maana kuna mtu chumba cha pembeni. Na mhamiaji asikimbilie kusema "hata kwetu tulitawaliwa". Ni kweli tulitawaliwa, na siku nyingine mazungumzo hayo huwa mazuri sana, ila yasilifunike la mwenye nyumba siku aliyokubali kusimulia.

Kikao kisizidi wanavyoweza kubeba. Saa tatu zenye mapumziko zinatosha kwa mara ya kwanza. Mengine yapangiwe siku nyingine.

Wiki zinazofuata

Usipime mafanikio kwa fomu ya "umeridhika kiasi gani?" Washiriki karibu daima huridhika. Ndani ya wiki mbili rudi na wakubwa mezani, fungua ile karatasi ya ahadi, mchague mambo machache yanayoshikika: fomu inayomruhusu mtu kuandika jina la taifa lake, ruhusa ya jamaa zaidi ya wawili kukaa na mgonjwa, utaratibu wa kufukiza ndani ya jengo ulioandikwa na kujulikana na walinzi wa zamu ya usiku, njia ya kulalamika isiyopita kwa yule yule anayelalamikiwa. Hili la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Malalamiko yakiongezeka miezi ya mwanzo msiogope. Huenda watu wameanza kuamini kwamba kuna anayesikiliza.

Baada ya miezi mitatu hivi, mwite tena mwezeshaji kwa malipo kamili. Mweleze kilichobadilika na kilichokwama, na mwombe msaada wa kuwauliza wanaohudumiwa, kwa njia ambayo jamii yao inaikubali, wanaonaje. Akisema hataki kurudi kwenu, mwombe akueleze kwa nini, sikiliza bila kujitetea, na mlipe kwa mazungumzo hayo pia.